Moyo huzoea mbio upesi, mifupa huchelewa

Mwezi uliopita aliingia chumbani mwangu mwanamume wa miaka 46, mfanyabiashara wa hapa Mugutha, akichechemea. Wiki tano kabla ya siku hiyo alikuwa ameanza kukimbia kila alfajiri kuelekea kwenye mashamba ya kahawa na kurudi, nia yake ikiwa kupunguza tumbo. "Daktari," aliniambia, "pumzi ninayo tele, lakini huu mguu umekataa."

Nilipombonyeza muundi, mahali pasipozidi upana wa kidole, aliruka. Picha ya eksirei haikuonyesha kitu, kama inavyotokea mara nyingi katika siku za mwanzo, lakini dalili zote zilikuwa za mfupa ulioanza kupata ufa. Muuguzi naye alikuwa amempima presha: 168 kwa 104. Hakukumbuka alipimwa lini mara ya mwisho.

Kuhusu pumzi, msomaji, alisema kweli. Mtu akiwa ameketi, moyo wake husukuma lita tano hivi za damu kwa dakika. Akikimbia kwa nguvu, kiasi hicho hufika lita 15 hadi 20, na kwa mwanariadha wa kimataifa hupita 30. Damu hiyo haigawanywi sawasawa. Misuli, ambayo wakati wa kupumzika hupata kama sehemu moja kwa tano, sasa huchukua hadi sehemu nne kwa tano, na tumbo hunyimwa. Ndiyo maana anayekimbia punde tu baada ya sahani ya githeri huchafukwa na roho.

Ukirudia zoezi hili kwa siku kadhaa, mwili huanza kujipanga. Katika wiki mbili za kwanza tu, majimaji ya damu huongezeka, hivyo moyo hujaa zaidi kabla ya kila pigo na hauhitaji kupiga mbiombio. Ndani ya misuli, vitanuri vidogo vinavyochoma sukari na mafuta kwa oksijeni huongezeka wiki baada ya wiki. Watu husema "mapafu yamefunguka". La, mapafu hubadilika kidogo sana. Kazi kubwa ni ya moyo na misuli.

Mifupa na kano havina haraka hiyo. Kila unyayo unapogonga ardhi, mguu hupokea mzigo wa mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Mgonjwa wangu ana kilo 94. Piga hesabu mwenyewe. Mfupa nao si jiwe, ni kitu hai. Ukipata mzigo mgeni, kwanza hubomoa sehemu zilizochoka, kisha hujenga upya. Kubomoa huchukua wiki chache, kujenga huchukua miezi mitatu au zaidi. Katikati ya hapo mfupa huwa dhaifu kuliko ulivyokuwa mwanzo, mfano wa nyumba ambayo fundi ameondoa mabati ya zamani na mapya hayajafika. Wakati huohuo pumzi imeshakuwa nzuri, na mwenye mwili anaona hakuna sababu ya kutoongeza kilomita. Wengi huvunjikia hapo, na si kwa uzembe bali kwa furaha.

Wengine hunijibu kwamba sisi ni Wakenya, mbio tumezaliwa nazo. Katika miaka ya 1990 mtaalamu Bengt Saltin wa Sweden na wenzake walilinganisha wakimbiaji wetu na wale wa Skandinavia. Uwezo wa juu kabisa wa kutumia oksijeni haukupishana sana, ila Mkenya alitumia oksijeni kidogo kwa mwendo uleule. Waliona pia kwamba vijana waliozoea kwenda shule kwa miguu au mbio walikuwa na uwezo mkubwa kuliko wasiofanya hivyo. Eliud Kipchoge, aliyemaliza kilomita 42 kwa saa 1:59:40 jijini Vienna mnamo Oktoba 2019, alikimbia kwenda shule tangu utotoni. Mgonjwa wangu amekaa nyuma ya kaunta miaka 20.

Tukirudi kwa presha: wakati wa kukimbia, kipimo cha juu hupanda hata kwa mtu mzima wa afya, mara nyingi hadi 180 au 200, kisha hushuka chini ya kawaida yake kwa saa kadhaa. Kwa mwenye ugonjwa huu, mazoezi ya miezi mingi huipunguza kwa alama tano hadi nane hivi. Ni faida ya kweli, lakini haimtoshi mwenye 168. Na kwa aliye na mishipa ya moyo iliyoanza kuziba bila yeye kujua, mbio kali za ghafla ndizo zinazoweza kuleta mshtuko wa moyo. Aliyefika miaka 40 apimwe presha na sukari kwanza. Kifua kikibana, maumivu yakipanda taya au kushuka mkononi, au ukiona kizunguzungu cha kutaka kuanguka, simama na uende hospitali siku hiyohiyo.

Anayeanza, akimbie dakika moja na kutembea mbili, kwa dakika 20, siku tatu kwa wiki, na asiongeze mpaka hatua hiyo iwe imemchosha kwa wepesi wake. Uchungu wa misuli wa kesho yake, unaoenea paja zima, si asidi iliyobaki kama tulivyofundishwa zamani. Asidi hiyo huondoka katika saa moja hivi. Ni michubuko midogo ya misuli, nayo hupona kwa siku chache. Uchungu wa kuuonyesha kwa kidole kimoja juu ya mfupa ni mwingine. Huo usiukimbilie.

Mgonjwa wangu tulimpima presha tena wiki iliyofuata, haikuwa imeshuka, nikamwanzishia dawa. Mbio nimemsimamisha wiki nane. Aliuliza kama baiskeli inaruhusiwa. Inaruhusiwa, mradi muundi usiume.