Sura ya Nne: Kamba Mkononi mwa Shangazi

Mwindo alizaliwa anatembea, tena anasema. Hakupita njia ya watoto wengine: alipanda ndani ya mwili wa mama yake hadi mkononi, akachomoka kwenye kidole cha kati ameshika usinga wake. Ndiyo maana wakamwita Kabutwa-kenda, azaliwaye akaenda. Baba yake, Shemwindo, mtemi wa Tubondo, alikuwa ameapa hataki mtoto wa kiume. Akamzika, mtoto akatoka kaburini. Akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto akaenda akiimba humo humo, kumtafuta shangazi yake Iyangura ambaye hajamwona hata siku moja.

Nani alimwambia kwamba ana shangazi? Hadithi haijisumbui kutueleza. Mwindo anajua, basi.

Simulizi hii ni ya Wanyanga, watu wa misitu ya Walikale, mashariki mwa Kongo, magharibi ya milima ya Masisi. Mwaka 1956 msimulizi Candi Rureke aliiimba na kuicheza mbele ya mwanaanthropolojia Mbelgiji Daniel Biebuyck, na mwaka 1969 ikatoka kitabuni kwa kazi ya Biebuyck na Kahombo Mateene, mwanaisimu ambaye mwenyewe ni Mnyanga. Nimeianza nayo sura hii kwa sababu Mwindo ndiye mtu ambaye wanafalsafa wamekuwa wakimtafuta: anayejua bila kufundishwa.

Katika karne ya 12, Ibn Tufayl wa Andalusia alimbuni wake, Hayy, aliyelelewa na paa jike kisiwani. Paa alipokufa, Hayy alimpasua kifua kutafuta kilichoondoka, na kutoka hapo akafikiri peke yake mpaka akamfikia Mungu. Mfaransa Descartes, mwaka 1641, alijivua kila alichoambiwa na kila alichoona, akabaki na kitu kimoja tu cha yakini: anayetia shaka hana budi awepo. Sawa. Lakini shaka hiyo aliiandika kwa Kilatini, na Kilatini alifundishwa shuleni na Wajesuiti. Hayy naye hakuwa na neno hata moja la kusema alichokijua, hadi alipofika mtu wa pili kisiwani akamfundisha kuzungumza.

Tutoke vitabuni, twende Rubaya, wilayani Masisi. Mchimbaji amekwisha kuosha mchanga wake, na kiganjani zimebaki kokoto nyeusi. Anazipimapima kwa mkono. Ni nzito kuliko zinavyoonekana, na kwa uzito huo anajua, bila kumwuliza mtu, kwamba si mawe ya bure. Je, ni koltani au kasiterite? Zote mbili nyeusi, zote mbili nzito. Ipo njia ya kujua: weka punje juu ya kipande cha zinki, dondoshea asidi ya haidrokloriki, na kasiterite itajivika ngozi ya bati inayong'aa. Ataiona kwa macho yake mwenyewe. Ila kwamba ngozi ile ni bati, na kwamba koltani haifanyi hivyo, hilo aliambiwa.

Na metali ya tantali iliyomo kwenye koltani ni asilimia ngapi? Hapo mkono umefika mwisho wake. Kuna kifaa cha eksirei chenye umbo la bastola. Unakielekeza kwenye jiwe, kinatoa tarakimu. Kifaa ni cha mnunuzi. Wanafalsafa wengine wanaposifu kuaminiana, naona wanasahau jambo hili: anayetujulisha mara nyingi ndiye anayetulipa. Dawa ya mchimbaji si kujitenga. Akipata nafasi, atapeleka mfuko uleule kwa mnunuzi wa pili, asikie tarakimu ya pili.

Mnunuzi naye ana mtu wa kumwamini. Magunia hufungwa lebo zinazosema yametoka shimo gani, na kiwanda kilicho ng'ambo ya bahari hakina shahidi mwingine. Mwishoni mwa Aprili 2024 waasi wa M23 waliichukua Rubaya, na mwaka huohuo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaripoti kwamba koltani ya huko ilikuwa ikivushwa hadi Rwanda na kuchanganywa na ya Rwanda. Jiwe ni lilelile. Shahidi ndiye aliyebadilishwa.

Turudi kwa Mwindo, maana mjuzi huyu wa kuzaliwa ana siri. Anapomfuata baba yake aliyekimbilia kuzimu, kwa Muisa, mwenyeji wa huko, anamkuta Kahindo, binti mwenye vidonda vya buba. Anamwosha. Naye Kahindo anamwonya asiketi atakapokaribishwa kiti, wala asinywe atakachopewa. Baadaye Nkuba, bwana wa radi, anampandisha mbinguni mwaka mzima kumfunza asiyoyajua. Rureke mwenyewe alisema ni mzimu Karisi uliomtaka aijue simulizi. Hata hivyo, kando yake walikaa vijana watatu wakigonga kijiti na kuitikia, na hivyo ndivyo simulizi hujifunzwa.

Kabla ya kushuka kuzimu, Mwindo alimpa Iyangura ncha ya kamba: ikitulia, ujue nimekufa. Shangazi akabaki Tubondo, kamba mkononi. Kule chini, Muisa akamtuma mkanda wake, ukampiga Mwindo hadi chini. Kamba ikatulia. Iyangura akamlilia maiti. Kisha usinga ukamwamsha mwenyewe, na kamba ikaanza tena kutikisika mikononi mwa shangazi.