Mulinzi wa Mugonjwa Katika Hospitali

Padri akiingia katika chumba cha wagonjwa, macho yake yanaenda kwa kitanda. Lakini chini, juu ya mukeka, kuna mutu mwingine: mama, dada, ao mutoto wa kwanza. Huyu ndiye mulinzi wa mugonjwa. Yeye anamuosha, anafua nguo zake, anakimbia kununua dawa, anawasha mbabula inje na kupika bukari. Usiku analala pale pale. Wanganga wanafanya kazi yao. Lakini hospitali zetu za Kolwezi, kama zingekosa watu hawa siku moja tu, zingeshindwa.

Zamani, katika kambi za Union Minière, kompani ilijitwika hospitali na posho ya wafanyakazi na jamaa zao. Serikali ilipotwaa kompani mwaka 1967, desturi ile iliendelea chini ya Gécamines. Lakini nyuma ya maporomoko ya mugodi wa Kamoto mwaka 1990, kompani ilizidi kuwa zaifu, na sehemu kubwa ya muzigo ikaangukia jamaa.

Basi, hospitali iwasaidie namna gani? Mambo ya kwanza hayaombi feza nyingi. Asubuhi, munganga akipita kitanda kwa kitanda, walinzi wanaambiwa: «Tokeni inje!» Ninaelewa sababu: chumba kimejaa. Lakini yule anayefukuzwa ndiye aliyeona usiku kucha namna mugonjwa alivyopumua na mara ngapi alitapika. Aulizwe kwanza, kiisha atoke. Tena afundishwe: kunawa mikono kwa sabuni mbele na nyuma ya kumugusa mugonjwa, kumugeuza mara kwa mara yule asiyeweza kujigeuza, ili asitoke vidonda mugongoni, kujua dawa gani na saa gani, mbele ya kurudi nyumbani. Apate pia maji, choo, na kipande cha paa kwa kupikia. Na aambiwe bei mapema, si siku ya kutoka. Katika inchi yetu wagonjwa waliopona wanazuiliwa mara nyingi juu ya deni, na mulinzi anafungwa pamoja nao, huku shamba limeachwa na watoto wengine wako peke yao.

Jamaa wanaweza kufundishwa hata kazi nzito. Katika Uganda, mwaka 1993, munganga Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, akianzia katika hospitali ya kikatoliki ya Nsambya, Kampala. Pale jamaa wanajifunza kumupa mugonjwa wa kansere morfini ya kunywa, nyumbani mwake, kwa kipimo na kwa saa yake.

Na sisi? Kitabu cha ibada ya Mupako wa Wagonjwa, kilichotolewa Roma mwaka 1972, kinafundisha kwamba jamaa na wote wanaoangalia mugonjwa wana sehemu yao ya pekee katika kazi ya kumufariji. Tena ni juu yao kumujulisha padri ugonjwa ukizidi. Lakini walinzi wengi, wakiona chupa ya mafuta matakatifu, wanaanza kulia, wakizani kifo kimefika. Kwa hiyo wanachelewa kutuita. Mutaguso wa Vatikano ulisema tangu mwaka 1963 kwamba sakramenti hii si ya wanaokata roho tu. Nani aliwaeleza walinzi neno hilo? Kosa ni letu.

Tarehe 11 Februari, siku ya wagonjwa ulimwenguni, wakateshisti wanapeleka sabuni kwa wagonjwa. Wapeleke na makala kwa mulinzi. Na mumoja wao aketi karibu na kitanda saa moja, mama yule apate kwenda kuoga.