Bila Mdudu, Okidi Haizai

Wasomaji wetu wa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania wanaijua okidi kwa kiazi chake, kinachochimbwa na kupelekwa Zambia kupikiwa chikanda pamoja na karanga. Katika toleo hili tunaeleza juu ya ua lake, kwa maana bila ua kuchavushwa hakuna mbegu.

Mdudu anafanya kazi gani?

Mahindi huchavushwa na upepo. Chavua ya okidi haipeperuki. Imeshikamana katika vifurushi vidogo vyenye gundi. Okidi za jamii ya Satyrium zina vijirija viwili nyuma ya ua. Nondo au kipepeo anapoingiza ulimi kunyonya maji matamu yaliyomo, kifurushi humnata. Akienda kwenye ua jingine la aina ileile, huacha chavua hapo, na tunda huanza kukua. Okidi nyingine hazina maji matamu. Humvuta mdudu kwa rangi au harufu tu, naye huondoka na njaa yake akiwa amebeba chavua.

Nchini Kenya, watafiti wameona okidi nyeupe zinazoota juu ya miti zikichavushwa na nondo wakubwa wa usiku. Mmoja wao ni yule ambaye kiwavi wake hula majani ya viazi vitamu. Mdudu tunayemchukia shambani ana faida msituni.

Kwa nini tuwe na wasiwasi?

Tunda moja hutoa maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi. Hazina akiba ya chakula, hivyo huhitaji kuvu wa udongoni ili ziote, na nyingi hupotea. Mchimbaji naye huchukua kiazi kipya, ambacho kingechipua msimu ujao. Akichimba kabla tunda halijakomaa, tumepoteza mmea pamoja na mbegu zake.

Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, ilianzishwa mwaka 2005 kulinda maua haya. Lakini okidi nyingi ziko nje ya mipaka yake.

Tufanye nini?

Tunajua kuwa zipo familia zinazopata fedha kutokana na viazi hivi. Kwa hiyo tunashauri:

- Tusichimbe kamwe ndani ya hifadhi.
- Kwingineko, tuache mimea yenye maua mpaka matunda yakauke na kupasuka.
- Tusinyunyize dawa za wadudu karibu na maua ya porini.

Tukimwacha mdudu amalize kazi yake, watoto wetu nao watazikuta okidi.