Beki Mkongwe na Safu Inayovuja

Dirisha la usajili likikaribia, Ngarenaro hapa Arusha huwa na mjadala mmoja unaotangulia mingine yote. Kuanzia vijiwe vya bodaboda na mabanda ya kahawa hadi mageti ya Uwanja wa Sheikh Amri Abeid pale Kaloleni, kama timu iliruhusu mabao mengi msimu uliopita, dawa inayotajwa ni ileile: aletwe beki mzoefu aliyemaliza mkataba na klabu kubwa ya Dar es Salaam. Ni mchezaji huru, hana ada ya uhamisho, amecheza mechi za Afrika, ana sauti. Akija huyo, watu husema, mabao yatakoma.

Swali hili lina uzito Arusha kuliko wengi wanavyodhani. Tangu JKT Oljoro iliposhuka daraja mwaka 2014, jiji limekuwa likisubiri timu yake irudi Ligi Kuu. Mbuni na TMA Stars za hapa Arusha zimekuwa zikipambana Championship, ligi iliyo chini yake, na uwanja wa watu 30,000 umekuwa ukijengwa Olmoti kwa ajili ya AFCON ya mwaka 2027. Timu inayotaka kupanda haina fedha za kukosea. Nafasi moja ya usajili ikipotea, na mshahara wake ukipotea, msimu mzima unaweza kwenda nao.

Jibu langu ni kwamba mkongwe anaweza kuisaidia sana safu ya ulinzi iliyokwisha kuwa na watu sahihi, ila hawezi kuiponya safu ambayo watu hao hawapo. Tofauti hiyo ndiyo viongozi wengi huikosa, na ndiyo huwagharimu.

Tuanze na kazi yenyewe. Mashabiki humhesabu beki kwa mipira aliyoondoa kwa kichwa na washambuliaji aliowaangusha. Sisi tunaofundisha mabeki tunatazama zaidi umbali. Mpira ukienda upande wa kulia, beki wa kulia anatoka kumkabili winga. Beki wa kati aliye karibu naye anasogea kuziba mgongo wake, yule wa pili anachukua nafasi iliyoachwa na wa kwanza, na beki wa kushoto anaingia ndani kulinda nguzo ya mbali. Watu wanne wanasogea kwa pamoja, na wa tano, kiungo mkabaji, anashuka kuokota mpira utakaodondoka nje ya boksi. Mmoja akichelewa hatua tatu, bao linaingia, na mara nyingi aliyechelewa siye anayeonekana kwenye picha ya bao. Anayeonekana ni yule aliyekuwa akijaribu kuziba kosa la mwenzake.

Mtego wa kuotea unalionyesha jambo hili waziwazi. Mabeki watatu wakipanda na mmoja akabaki nyuma hata kwa urefu wa mguu, mshambuliaji yuko salama na kazi ya wale watatu imekwenda bure. Uwanja wetu unabeba jina la Sheikh Amri Abeid, aliyewaandikia Waswahili sheria za kutunga mashairi. Aliyekisoma kitabu chake anafahamu kuwa ubeti uliopoteza mizani hauponi kwa kuchomekewa neno moja zito katika mshororo mmoja. Mishororo yote lazima ikubaliane. Safu ya ulinzi iko hivyohivyo.

Tanzania tunao mfano mzuri wa kupimia hoja hii, naye ni Pascal Wawa, beki wa kati kutoka Ivory Coast. Alikuja kwanza Azam mwaka 2014. Mwaka uliofuata Azam ilitwaa Kombe la Kagame hapa nchini kwa kuifunga Gor Mahia 2-0 katika fainali, tena bila kuruhusu bao lolote mashindano mazima. Baadaye akaenda Sudan, na mwaka 2018 Simba ikamsajili akiwa na umri wa miaka 32.

Msimu huo wa 2018/19 Simba ikawa bingwa wa nchi na ikafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika chini ya kocha Patrick Aussems. Mtu akiishia hapo atasema mkongwe ameponya ukuta. Lakini tuyatazame mabao ya kundi. Nyumbani, Simba iliifunga JS Saoura 3-0, Al Ahly 1-0 na AS Vita 2-1. Mechi tatu, bao moja tu la kuruhusu. Ugenini ilifungwa 5-0 Kinshasa, 5-0 Misri na 2-0 Algeria. Mechi tatu, mabao 12. Robo fainali ikatoka sare ya 0-0 na TP Mazembe Dar es Salaam, kisha ikafungwa 4-1 Lubumbashi.

Mabao hayo simtwishi Wawa wala beki mwingine yeyote. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba kikosi kilekile, chenye uzoefu uleule nyuma, kilikuwa ukuta nyumbani na nyavu wazi ugenini. Uzoefu wa mtu haubadiliki kwa kupanda ndege. Kinachobadilika ni kazi anayopewa. Nyumbani Simba ilikaa na mpira, wapinzani wakashambulia kwa watu wachache, mabeki wakawa na muda wa kujipanga. Ugenini viungo walipitwa mapema, mabeki wakabaki wanakabiliana na washambuliaji wanaokuja kwa kasi, uso kwa uso, tena na tena. Katika hali hiyo hata beki bora barani anageuka mtu wa kufukuza.

Sasa linganisha na msimu wa 2020/21. Wawa amefikisha miaka 35, yaani kwa hesabu ya mwili amepungua. Simba ikaongoza kundi lenye Al Ahly, AS Vita na Al Merrikh kwa pointi 13, ikiruhusu mabao mawili tu katika mechi sita. Ilishinda 1-0 Kinshasa, mji uleule ilikofungwa tano miaka miwili nyuma. Kilichobadilika ni waliomzunguka Wawa. Kutoka Gor Mahia alikuwa amekuja Joash Onyango, beki anayependa kutoka mbele na kugombana na straika, hivyo mzee akapata ruhusa ya kubaki nyuma yake na kusoma mchezo. Mbele yao alisimama Mganda Taddeo Lwanga, aliyesajiliwa dirisha dogo la Desemba 2020, kazi yake ikiwa kuvunja mashambulizi kabla hayajawafikia. Kocha mpya, Didier Gomes, aliikuta safu hiyo Januari 2021 na akaiachia izoeane.

Tena kuna jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Wawa alipofika Simba hakuwa mgeni wa kweli. Golini alikuwapo Aishi Manula, kulia alikuwapo Shomari Kapombe, na Erasto Nyoni naye alikuwapo. Wote watatu walikuwa wametoka Azam mwaka 2017. Walikuwa wanaijua sauti yake, wanajua lini anapanda na lini anabaki. Kushoto Mohamed Hussein 'Tshabalala' alikuwa na misimu kadhaa ndani ya klabu. Simba ilikuwa imesajili uhusiano uliokwisha kukomaa mahali pengine, na huo ndio usajili wenye thamani. Klabu inayomchukua mkongwe na kumweka katikati ya vijana ambao hawajawahi kucheza naye hata dakika 90, haijanunua kitu kilekile, hata kama jina ni kubwa zaidi.

Hata safu ile iliyokomaa ilikuwa na mpaka wake. Mei 2021 ilikwenda Johannesburg ikafungwa 4-0 na Kaizer Chiefs, na bao la kwanza lilikuwa kichwa cha beki Eric Mathoho kutokana na kona. Ushindi wa 3-0 Dar es Salaam haukutosha. Mipira iliyokufa ni kazi ya watu kumi na mmoja kupangwa na kufanyishwa mazoezi kila wiki. Haina uhusiano mkubwa na kipaji cha beki mmoja.

Ulaya nako hoja hii imejaribiwa. Chelsea ilimchukua Thiago Silva kama mchezaji huru mwaka 2020, akikaribia miaka 36. Katika mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu ya Uingereza alifanya kosa lililozaa bao, na timu ikatoka sare ya 3-3 na West Brom. Safu ilitulia kwelikweli baada ya kocha Thomas Tuchel kuingia Januari 2021 na kuweka mabeki watatu wa kati, ili mzee asilazimike kukimbizana na mawinga. Katika fainali ya Ligi ya Mabingwa aliumia kipindi cha kwanza, akatoka, na Chelsea ikaifunga Manchester City 1-0 bila yeye. Nayo klabu ya Paris, PSG, ilimchukua Sergio Ramos bure mwaka 2021, naye akasubiri hadi Novemba ndipo acheze mechi yake ya kwanza kwa sababu ya majeraha.

Majeraha yananirudisha Arusha. Mwili wa miaka 33 bado unaweza kucheza mechi nzuri. Shida ni mechi ya pili baada ya siku nne, ukiwa umekaa ndani ya basi kutoka Arusha hadi Mbeya au Mtwara. Timu za Championship husafiri kwa barabara, na misuli ya mkongwe inachukua muda mrefu zaidi kupona kuliko ya kijana wa miaka 22. Ongeza kwamba Arusha iko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari: beki aliyezoea hewa nzito ya pwani anahitaji wiki kadhaa kabla mapafu yake hayajazoea, na mpira wa juu unasafiri kidogo tofauti na alivyozoea kuukadiria.

Kuna athari moja ya umri ambayo haionekani kirahisi kutoka jukwaani, nami naiona ndiyo hatari kuliko zote. Beki anayejua kwamba kasi imepungua huanza kurudi nyuma mapema, hatua tano, hatua sita, ili asipitwe. Kwa upande wake ni busara. Lakini viungo hawajui kwamba amerudi, wanaendelea kukaba mbele, na kati yao na mabeki linazaliwa eneo tupu. Mshambuliaji wa pili anapokea mpira hapo akiwa huru, anageuka, anapiga. Mashabiki wanamlaumu kiungo mkabaji. Wiki inayofuata kiungo anaondolewa, na tatizo linabaki palepale.

Kwenye fedha nitasema kwa kifupi. Kwa kanuni iliyoanzia Ulaya na hukumu ya Bosman ya Desemba 1995, iliyotokana na kesi ya Mbelgiji Jean-Marc Bosman, mchezaji aliyemaliza mkataba anaondoka bila klabu yake ya zamani kulipwa. Hilo halimfanyi awe wa bure. Fedha ya usajili inakwenda mkononi mwake, mshahara wake unazidi wa wenzake, na ukishindwa kumlipa shauri linafika TFF au FIFA. Klabu kadhaa za Tanzania zimewahi kufungiwa kusajili kwa madeni ya namna hiyo.

Njia nyingine ipo, na Yanga waliionyesha. Msimu wa 2021/22 walimaliza ligi bila kupoteza mechi, wakiruhusu mabao 8 katika mechi 30. Katikati ya safu ile walikuwapo Bakari Mwamnyeto, aliyechukuliwa Coastal Union mwaka 2020, na Dickson Job, aliyetoka Mtibwa Sugar akiwa kijana wa miaka 20. Hao walipewa muda wa kuzoeana kabla ya msimu ule. Kisha wakaongezewa wazoefu mahali panapohitajika: Djigui Diarra golini, Yannick Bangala na Khalid Aucho mbele yao. Uzoefu uliwekwa kuizunguka safu ya vijana, chini ya kocha mmoja, Nasreddine Nabi. Klabu ya Arusha haina fedha za Yanga, lakini mpangilio ule hauhitaji fedha za Yanga. Coastal Union na Mtibwa wako hapahapa nchini, na vijana wa aina ya Job wanacheza hata kwenye viwanja vya vumbi vya Ngarenaro, Sombetini na Unga Limited kila jioni.

Kwa hiyo nawaomba viongozi na makocha wa timu zetu, kabla ya kumpigia simu wakala, wakae na picha za mabao yote waliyofungwa msimu uliopita. Kwa kila bao waandike lilianzia wapi: kona, krosi, mpira uliopotea katikati, kipa, au beki aliyezidiwa mmoja kwa mmoja. Kama mengi yalianzia kwenye krosi, wanahitaji mabeki wa pembeni na mawinga wanaorudi kukaba. Kama yalianzia katikati, wanahitaji kiungo mkabaji. Kama ni kona, wanahitaji mazoezi, na hayo hayana ada. Mkongwe wa kati anahitajika pale tu inapoonekana kwamba watu walikuwapo, miguu ilikuwapo, ila hakuna aliyewapanga. Akisajiliwa, apewe mkataba wa mwaka mmoja, aletwe mwanzoni mwa maandalizi badala ya siku ya mwisho ya dirisha, na kocha aseme kabla hajasaini atacheza na nani pembeni yake. Kocha asipoweza kutaja jina hilo, usajili huo usifanyike.