Je, Wajua? Umeme Unavyopanda Masama

Je, wajua kuwa maji ya mto Kikafu, yanayoteremka Kilimanjaro kupitia wilaya ya Hai, iliko Masama, huingia mto Kikuletwa na kujaza bwawa la Nyumba ya Mungu? Hapo huzungusha mitambo ya megawati 8. Yakiendelea na mto Pangani huzungusha ya Hale, megawati 21, iliyoanza 1964, kisha ya New Pangani Falls, megawati 68, iliyoanza 1995. Maji yaleyale, kazi mara tatu!

Je, wajua kuwa umeme huo hurudi mlimani kwa njia ya msongo wa kilovoti 132, kutoka Hale kupitia Same hadi kituo cha kupoza umeme cha Kiyungi, Moshi?

Je, wajua kwa nini msongo uwe mkubwa hivyo? Ukiupandisha mara 10, mkondo hupungua mara 10 kwa nguvu ileile, na umeme unaopotea kama joto kwenye waya hubaki sehemu 1 ya 100.

Je, wajua kuwa vikombe vinavyoning'iniza waya hufichua msongo wake? Ukihesabu 9 au 10 hivi katika mkufu mmoja, huenda ni njia ya kilovoti 132. Kilovoti 400 huhitaji zaidi ya 20.

Je, wajua kuwa waya wa kwenye minara hauna ganda? Kihami chake ni hewa. Ndani una chuma cha kubeba uzito, nje alumini ya kupitisha umeme. Juu ya mita 1,000 hewa huwa nyepesi na uwezo wake wa kuhami hupungua, hivyo mhandisi wa milimani huongeza nafasi kati ya waya na mnara.

Je, wajua kuwa kuukaza waya kupita kiasi ni hatari? Ukikazwa kwenye joto la Januari, baridi ya Julai huufupisha, nao huvuta nguzo. Ukilegezwa mno, joto huushusha karibu na vichwa vya watu.

Je, wajua vile vyuma vidogo vya ncha mbili vinavyoning'inia karibu na vikombe? Huzuia mtetemo wa upepo usikate waya. Vilibuniwa na Mmarekani George Stockbridge miaka ya 1920.

Je, wajua kuwa tangu Desemba 2024 Tanzania na Kenya zimeunganishwa kwa njia ya kilovoti 400, kilomita zaidi ya 500 kutoka Isinya hadi Singida kupitia Namanga na Arusha?

Je, wajua kuwa tawi bichi la mgrivea au jani la mgomba lililolowa mvua hupitisha umeme? Mti wa kihambani, yaani wa shamba la nyumbani, ukiegemea waya, usipande na panga: wapigie TANESCO. Na waya ukianguka, usiusogelee hata kama taa za kijiji kizima zimezimika.