Tarehe 3 mwezi wa 4, au tarehe 4 mwezi wa 3?

Ndugu msomaji, itazame tarehe hii: 03/04/2025. Hapa Mombasa, Kwale au Lamu hakuna atakayesita. Ni tarehe tatu mwezi wa nne. Mtumie jamaa yako aliyekulia Marekani tarehe hiyo hiyo, naye ataisoma tarehe nne mwezi wa tatu, kwa sababu kule mwezi hutangulia siku. Wajapani na Wachina nao hutanguliza mwaka. Kila mtu yu sawa kwao. Tatizo laanza pale fomu ya mtandaoni inapotaka tarehe bila kusema yafuata desturi ya nani.

Zamani karani alikuwa mbele yako. Akiona tarehe haeleweki nayo, alikuuliza. Leo pasipoti, viza, kazi za Ghuba, nafasi ya shule na miadi ya hospitali vyote vyapitia kwenye fomu za mtandaoni, na fomu haiulizi. Chukua mtoto aliyezaliwa tarehe 7 Desemba 2019. Ukiandika 07/12/2019 kwenye fomu iliyotengenezwa kwa mpangilio wa Kimarekani, mtoto huyo amekuwa wa tarehe 12 Julai 2019. Ameongezewa karibu miezi mitano ya umri. Tarehe hiyo isipolingana na ya pasipoti yake, ombi laweza kukataliwa, na ada za maombi mara nyingi hazirudishwi.

Wengine watasema haya ni mambo ya nadra. Tupige hesabu. Mwaka una miezi 12, na kila mwezi una siku 12 za mwanzo ambazo namba yake yaweza kudhaniwa kuwa ni mwezi. 12 mara 12 ni 144. Toa tarehe 12 ambazo hata ukizigeuza hazibadiliki, kama 05/05. Zabaki tarehe 132, zaidi ya thuluthi ya mwaka mzima, ambazo fomu yaweza kuzisoma kinyume na ikazipokea bila kelele. Kuanzia tarehe 13 fomu ya Kimarekani hukataa, kwani hakuna mwezi wa 13. Hapo mtu hukasirika na kusema mtandao mbovu. Lakini aliyekataliwa ana nafuu, maana amejua kuna jambo. Aliyepokelewa na tarehe iliyogeuka hajui kitu hadi siku ya kuitwa.

Kwa nini mashine ikosee? Mimi nilisomea stashahada ya kompyuta, na naweza kuwaambia kwamba mashine haikosei, hufuata ilivyofundishwa. JavaScript, lugha inayoendesha fomu nyingi ndani ya kivinjari, ikipewa 03/04/2025 huichukua kuwa tarehe 4 Machi. PHP, lugha iliyojenga tovuti nyingi sana, WordPress ikiwemo, ina ajabu zaidi. Ukiipa 03/04/2025 kwa mikwaju, husoma Kimarekani, tarehe 4 Machi. Ukiipa 03-04-2025 kwa vistari, husoma kama sisi, tarehe 3 Aprili. Namba ni zile zile. Alama ya katikati tu ndiyo iliyobadilika. Kijana anayetengeneza tovuti na hajui hili, atapeleka kazi kwa mteja ikiwa na kasoro isiyoonekana.

Kuna mtego wa pili unaotuhusu sisi hasa wa Afrika Mashariki. Saa zetu ziko mbele kwa saa tatu kuliko saa za kimataifa zinazotumiwa na seva nyingi. Programu nyingine huchukua tarehe ya kuzaliwa na kuifanya kuwa saa sita kamili ya usiku, mwanzo wa siku hiyo, kisha huigeuza kuwa saa za kimataifa. Saa sita ya usiku wa kuingia tarehe 3 Aprili hapa kwetu, kwa saa hizo, ni saa tatu usiku ya tarehe 2 Aprili. Basi mtu aandika tarehe 3, yahifadhiwa tarehe 2. Dawa yake ni moja: tarehe ya kuzaliwa ihifadhiwe kama tarehe tu, isifungwe na saa.

Na dawa ya mkanganyiko wa kwanza si ngumu. Kwanza, mwezi uandikwe kwa jina. Ndivyo pasipoti inavyofanya: siku, kisha mwezi kwa herufi, kisha mwaka. Hata Marekani yenyewe, kwenye fomu yake ya viza ya DS-160, hutaka mwezi kwa herufi. Pili, visanduku vitatu vyenye majina yake, siku, mwezi na mwaka, vyatosha kwa tarehe ya kuzaliwa. Serikali ya Uingereza hushauri hivyo kwa tovuti zake. Kalenda ya kubonyeza yafaa kwa kuchagua siku ya miadi wiki ijayo. Kumrudisha mzee hadi 1958 mwezi baada ya mwezi ni kumtesa.

Tatu, kuonyesha na kuhifadhi ni mambo mawili. Mwenye kujaza aonyeshwe tarehe kwa desturi ya kwao, lakini ndani ihifadhiwe kwa kiwango cha kimataifa, ISO 8601: mwaka, mwezi, siku, yaani 2025-04-03. Kisanduku cha tarehe kilicho ndani ya vivinjari vya siku hizi hufanya hivyo chenyewe. Huonyesha kufuatana na kompyuta ilivyowekwa na hutuma 2025-04-03 daima. Angalia tu: kompyuta ya saiba iliyoachwa kwenye Kiingereza cha Marekani itakuonyesha mwezi mbele, hata kama umekaa Majengo au Old Town.

Sisi tuna jambo jingine, nalo ni miezi ya Kiislamu. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo kila mwaka hutangulia kwa takriban siku 11. Saudia hutumia kalenda ya Umm al-Qura, iliyopangwa mapema kwa hesabu, na kompyuta nyingi hufuata hiyo. Hapa kwetu tunangoja mwezi uandame na Kadhi Mkuu atangaze. Kwa hiyo anayetengeneza tovuti ya msikiti au madrasa asiiachie kompyuta kugeuza 12 Mfungo Sita kuwa siku ya kalenda ya kawaida kisha akatangaza Maulidi. Aweke nafasi ya kurekebisha siku moja, mbele au nyuma. Na fomu ikiomba mwaka, iseme ni wa Hijria au wa Miladi.

Nawe unayejaza, kabla hujabonyeza kutuma, tafuta maelezo madogo kando ya kisanduku. DD ni siku, MM ni mwezi, YYYY ni mwaka. Kukiwa hakuna maelezo, jaribu kuandika siku kubwa kama 25 mahali pa kwanza. Ikikataliwa, huenda hapo ni pa mwezi. Ifute, kisha andika yako. Ukishamaliza, usome ukurasa wa mwisho wa kuhakiki pasipoti ikiwa mkononi, na kama unajaziwa na kijana wa saiba, mwambie akusomee tarehe kwa sauti, mwezi kwa jina lake.

Vijana wetu wanaotengeneza tovuti za shule, zahanati na vyama vya akiba hapa Pwani, nawaomba wazijaribu fomu zao kwa tarehe 7 Desemba kabla ya kuzikabidhi. Ikihifadhiwa Julai, au ikirudi nyuma siku moja, kazi bado haijaisha.