Gemu Hula Chaji Kabla ya Bando

Wauzaji wa simu hutangaza kamera na kasi, na wachezaji wa gemu hulalamikia bei ya bando. Katika kaunti za Kitui na Makueni swali zito zaidi ni jingine: umeme wa kuchaji unatoka wapi? Sensa ya 2019 ilikuta asilimia 50.4 tu ya nyumba za Kenya zikiwasha taa kwa umeme wa gridi, na katika vijiji vingi vya Ukambani tegemeo ni paneli ya jua juu ya bati. Kampuni ya M-KOPA ilianza kukopesha vifaa vya umeme wa jua kwa malipo ya kila siku mwaka 2012, na baadaye ikaanza kukopesha simu janja kwa mtindo huohuo. Paneli ya wati 8, hata ikipata saa tano za jua kali, haizidi wati-saa 40, na sehemu yake hupotea njiani. Betri ya miliampea-saa 5,000 hubeba takriban wati-saa 19. Taa zikishachukua fungu lao, kinachobaki hutosha simu moja, labda, katika nyumba yenye simu kadhaa.

Na gemu hazili chaji hiyo kwa namna moja. Nyoka, gemu iliyokuja na Nokia 6110 mwaka 1997, haikuhitaji mtandao. Free Fire, iliyotoka 2017 na kupendwa kwa sababu hukubali simu za bei nafuu, haichezeki bila mtandao. Data inayotumia ni kidogo kuliko ya video, ndiyo maana huonekana rahisi. Lakini video hupakuliwa kwa mafungu, kisha redio ya simu hupumzika. Gemu hutuma vijipande mara nyingi kila sekunde, na redio hailali hata kidogo. Kisha kuna vilima. Nyuma ya Mbooni, Kilungu au Mutitu mawimbi hufika yamedhoofika, nayo simu hupandisha nguvu ya kutuma hadi kikomo, ambacho kwa kawaida ni miliwati 200 hivi kwa 4G, huku betri ikitoa zaidi ya hapo kwa kuwa sehemu kubwa hugeuka joto. Joto hilo likiongezwa kwenye lile la Kibwezi au Mutomo, betri ya lithiamu huzeeka mapema. Mechi ileile, kwa simu ileile, ni ghali zaidi kwa aliye mbali na mnara.

Wapo watakaosema kwamba minara inaongezeka na simu zinashuka bei. Kiwanda kilichofunguliwa Athi River mwaka 2023, hapo jirani Machakos, kinaunganisha simu za 4G. Ni kweli, na mnara wa karibu hupunguza kazi ya redio. Lakini simu ya bei nafuu haileti umeme nyumbani. Wengine watasema gemu ni anasa, isiyostahili hesabu ndefu hivi. Hesabu hii haichagui: programu yoyote inayong'ang'ania mtandao, hata ya masomo, hula chaji kwa njia hiyohiyo. Watengenezaji waziwezeshe programu zao kuendelea bila mtandao na kutuma data kwa mafungu. Nawe unayenunua simu Mwingi au Wote, uliza kwanza ukubwa wa betri na kama fundi wa hapo anaweza kuibadilisha. Kamera uziulizie baadaye.